Kalenda ya Wimbi na Kalenda ya Bajeti: Matamasha ya Msimu na Maeneo ya Kihistoria katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya matamasha ya msimu na maeneo ya kihistoria katika ukanda wa Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mijadala mingi kuhusu matamasha ya kitamaduni katika Afrika Mashariki hujikita katika ngome na miji mikongwe ya pwani, ilhali katika ukanda huu kumbukumbu ya jamii imehifadhiwa katika miamba, mapango na nyanja za tambiko. Hoja kuu ya makala ni kwamba kinachohatarisha matamasha hayo zaidi ni mgongano wa kalenda mbili, yaani kalenda ya mavuno, ambayo ndiyo iliyoyazaa, na kalenda ya mwaka wa fedha, ambayo sasa ndiyo inayoyafadhili. Mstari wa mpaka huongeza ugumu, lakini si chanzo chake. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo manne yanayowahusu watunga sera wa pande zote mbili.

Istilahi muhimu: tamasha la msimu, urithi wa utamaduni usioshikika, mpaka, Kakapel, imbalu, wimbi

1.0 Utangulizi

Tamasha linapotajwa pamoja na eneo la kihistoria, mfano unaowajia wengi ni Ngome Kongwe ya Unguja. Ngome hiyo, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, ndiyo ukumbi unaofahamika zaidi wa Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Lamu nayo ina ngome ya karne ya 19 katikati ya mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Katika mifano hii jengo hutangulia na tamasha likafuata: kuta zilikuwapo muda mrefu kabla ya jukwaa kuwekwa ndani yake.

Katika ukanda wa Busia na Tororo mpangilio huo ni tofauti. Hakuna ngome ya mawe yaliyochongwa. Kuna Mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka pande zote mbili za mpaka, kuna vilima vya Chelelemuk vyenye pango la Kakapel, na kaskazini zaidi kuna uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Maeneo haya hayakujengwa na mtawala yeyote. Yamekuwa ya kihistoria kwa sababu watu wameyarudia msimu baada ya msimu. Kwa hiyo swali linaloongoza makala haya ni hili: tamasha linapohamishwa kutoka msimu wake, je, eneo lenyewe hubaki na maana gani?

2.0 Mkabala wa uchambuzi

Uchambuzi huu unaegemea nadharia ya utendaji, hasa mawazo ya Richard Bauman kwamba maana ya sanaa ya maonyesho hutokana na tukio zima: mtendaji, hadhira, mahali na wakati. Kwa mkabala huu, wimbo wa mavuno ulioimbwa ghalani na wimbo huohuo ulioimbwa mbele ya jukwaa la wageni wa heshima ni matukio mawili, hata kama maneno hayakubadilika. Aidha, makala yanazingatia maelezo ya Arnold van Gennep, aliyoyatoa mwaka 1909, kuhusu miviga ya mpito. Alionyesha kwamba mviga una hatua za kutengwa, za mpito na za kupokelewa upya, na kwamba hatua hizo zina mfuatano wake. Wakati, kwa hiyo, ni sehemu ya muundo wa mviga.

3.0 Ukanda wa mpaka na historia yake

3.1 Jamii zilizogawanywa

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, eneo lililokuja kuitwa Kenya. Mpaka uliotokana na uamuzi huo na marekebisho yaliyofuata ulipita katikati ya jamii zilizokuwa zikioana, kubadilishana mifugo na kuzikana. Iteso walijikuta upande wa Kenya katika eneo ambalo leo ni Teso Kaskazini na Teso Kusini, na upande wa Uganda katika Tororo, Busia na eneo kubwa la Teso kaskazini zaidi. Wasamia nao wako pande zote mbili. Katika Tororo wanaishi pia Jopadhola, ambao mwanahistoria Bethwell Ogot aliieleza ibada yao ya Bura kuwa mojawapo ya nguvu zilizowaunganisha. Kaskazini, Bamasaba wa Uganda na Babukusu wa Kenya wanapakana katika miteremko ya Mlima Elgon na wanatambuana kuwa ndugu.

3.2 Kakapel: mwamba wenye kumbukumbu

Pango la Kakapel liko Teso Kaskazini, kaunti ya Busia, umbali mfupi kutoka mpakani. Kuta zake zina michoro ya tabaka mbalimbali, ikiwamo maumbo ya kijiometria na ng'ombe, iliyochorwa na watu wa vipindi tofauti. Serikali ya Kenya ilitangaza eneo hilo kuwa mnara wa kumbukumbu wa taifa mwaka 2004, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na shirika la Trust for African Rock Art, lenye makao yake Nairobi, yamechangia kulihifadhi. Tamasha la utamaduni limefanyika hapo, likivikutanisha vikundi vya ngoma vya Iteso.

Umuhimu wa Kakapel uliongezeka mwaka 2024, wakati jarida la Proceedings of the Royal Society B lilipochapisha matokeo ya uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa pangoni. Watafiti walipata masalia ya mimea ya chakula yaliyoungua: kunde ya takriban miaka 2,300 iliyopita, pamoja na mtama na wimbi, ambao umekuwapo kwa angalau miaka 1,000. Matokeo hayo ni miongoni mwa ushahidi wa mapema zaidi wa kilimo uliopimwa moja kwa moja katika Afrika Mashariki. Kwa mjadala wa matamasha, jambo la kuzingatia ni kwamba nafaka iliyofukuliwa chini ya michoro ndiyo nafaka ambayo hadi leo hutayarishiwa kinywaji cha sherehe katika boma la jirani. Eneo la kihistoria na mavuno ya msimu vinakutana hapo kwa namna ambayo ngome nyingi haziwezi kuionyesha.

4.0 Msimu kama mpangaji wa tamasha

Ukanda huu hupata mvua mbili kwa mwaka. Wimbi linalopandwa mwanzoni mwa mvua ndefu huvunwa takriban Julai na Agosti. Majina ya jadi ya miezi katika Kiateso yenyewe hufuata dalili za msimu, kama vile kupukutika kwa majani. Mavuno yakishaingia ghalani, mambo matatu hupatikana kwa wakati mmoja: chakula cha wageni, nafaka ya kutengenezea pombe, na nafasi ya kupumzika kutoka shambani. Hapo ndipo ndoa, matanga ya kumaliza msiba, upatanisho na ngoma huwekwa.

Miongoni mwa Iteso, kiini cha mkusanyiko ni ajono, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mpangilio wa kuketi kuzunguka chungu huonyesha umri, ukwe na ujirani, na ugomvi usiopatanishwa hujulikana kwa nafasi iliyoachwa wazi. Muziki wa akogo, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na wa adeudeu, kinubi cha Iteso, husindikiza mazungumzo hayo. Mtazamaji anayeona akogo jukwaani bila chungu huona ala, lakini haoni baraza ambalo ala hiyo ililitumikia.

Mfano mpana zaidi ni imbalu, tohara ya Bamasaba na Babukusu. Imbalu hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kilele chake ni Agosti. Upande wa Uganda, msimu huzinduliwa katika uwanja wa Mutoto, ambao mapokeo ya Bamasaba yanautaja kuwa mahali pa tohara ya kwanza. Upande wa Kenya, mapokeo ya Babukusu yanamtaja Mango, aliyemuua nyoka aliyekuwa akiangamiza watu na kisha akatahiriwa. Masimulizi yanatofautiana, lakini muundo wa mviga unafanana. Kijana huzunguka kwa jamaa zake akicheza, akiwaalika na kupokea zawadi. Wimbi huwa sehemu ya maandalizi, kwani miongoni mwa Bamasaba mtahiriwa hupakwa kimea chake, na miongoni mwa Babukusu kijana hupakwa tope la mtoni alfajiri kabla ya kisu. Jamaa wanaoalikwa wanaweza kuwa upande wowote wa mpaka. Hivyo basi, imbalu ni tamasha la kimataifa lililotangulia kuwapo kwa mataifa yenyewe.

5.0 Kalenda ya bajeti

Kenya na Uganda, sawa na mwanachama mwingine mwanzilishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Ratiba hii ina athari ambayo haijazingatiwa vya kutosha katika sera za utamaduni. Julai na Agosti, miezi ya mavuno na ya imbalu, ndiyo miezi ambayo fedha za mwaka mpya hazijatolewa au ndiyo kwanza zinaanza kutolewa. Fedha za mwaka uliopita nazo zimekwisha muda wake tarehe 30 Juni. Serikali za kaunti nchini Kenya zimelalamika mara kwa mara kuhusu kuchelewa kwa mgao kutoka hazina ya taifa. Kwa hiyo ofisa wa utamaduni anayetaka kusaidia tamasha la Agosti hukuta kisanduku kitupu, na anayesubiri fedha hujikuta katika Novemba au Desemba.

Desemba ina mvuto wake. Watu wanaofanya kazi Nairobi, Kampala na kwingineko wamerejea nyumbani, shule zimefungwa, na wageni ni wengi. Hoja hizi ni za kweli na hazipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, tamasha la Desemba hubadilisha hadhira na kazi ya tukio. Ghala limepungua, nafaka hununuliwa sokoni, na maamuzi ya baraza yaliyokuwa yafuate mavuno ama yamekwishafanywa kwingine au yameachwa. Kinachobaki ni maonyesho: vikundi vinavyoitwa kwa zamu, dakika zinazohesabiwa, na hotuba zinazochukua muda kuliko ngoma. Jamii huanza kuwa na sherehe mbili, moja ya kweli isiyo na fedha na nyingine yenye fedha isiyo na kazi, hadi vijana wanapoitambua ya pili peke yake kuwa ndiyo utamaduni.

Pwani inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Maulidi ya Lamu, yanayohusishwa na Msikiti wa Riyadha na Habib Swaleh, hufuata mwezi wa Mfungo Sita. Tarehe yake katika kalenda ya serikali hubadilika kila mwaka, na bado wageni hufika kutoka pwani nzima na ng'ambo, kwa kuwa wenye kalenda ni wenye tamasha. Kinyume chake, Sauti za Busara, pamoja na sifa yake kubwa, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa ufadhili. Tamasha hilo lina mchango usiopingika katika muziki wa Afrika, na ulinganisho huu haukusudii kulidunisha. Unaonyesha tu kwamba tamasha linalotegemea mfadhili kwa wakati wake husimama mfadhili anaposita, ilhali tamasha lenye wakati wake huendelea hata mfadhili asipokuwapo, ingawa kwa udogo.

Historia ya ukanda wa Ziwa Viktoria nayo haikosi kielelezo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Okot p'Bitek, mwandishi wa Uganda, aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu baada ya kuandaa mengine nchini kwake. Juhudi zake zilidhihirisha kwamba sanaa ya kijijini inaweza kupewa hadhi katika jukwaa la mji, na kwamba mwandaaji kutoka upande mmoja wa mpaka anaweza kuaminiwa upande wa pili. Swali aliloliacha ni nani atakayeendeleza kazi hiyo mwandaaji akiondoka.

6.0 Mpaka, mamlaka na vifaa vya sanaa

Tarehe 24 Februari 2018 Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kusafiri miongoni mwa nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa. Mfanyabiashara mdogo ana utaratibu wake rahisi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kikundi cha ngoma kinachovuka na ngoma kumi na mavazi ya tambiko hakina utaratibu kama huo kilichotayarishiwa. Vifaa vyake si bidhaa ya kuuzwa na si mizigo ya kawaida ya msafiri.

Tatizo ni zito zaidi pale mavazi yanapotokana na wanyamapori. Ngozi ya mbega hutumika katika mavazi ya imbalu. Mbega yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ambao nchi zote mbili ni wanachama, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamtaka anayemiliki nyara kuwa na kibali. Lengo la sheria hizo ni halali. Ila vazi la babu lililorithiwa kwa vizazi viwili haliwezi kuwa na risiti, na mwenyewe hulazimika kuchagua kati ya kuliacha nyumbani na kuhatarisha kukamatwa.

Mgawanyo wa mamlaka pia haulingani. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaiachia serikali ya kitaifa minara ya kumbukumbu yenye umuhimu wa kitaifa, lakini shughuli za utamaduni ni za kaunti. Kwa hiyo katika Kakapel mwamba una mwenye dhamana mmoja na ngoma ina mwingine. Nchini Uganda, Katiba ya 1995 na sheria ya 2011 zinazitambua taasisi za viongozi wa kitamaduni, kama vile Emorimor wa Iteso na Tieng Adhola ya Jopadhola. Utamaduni uko chini ya wizara inayoshughulikia jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, huku makumbusho na maeneo ya kale yakiwa chini ya wizara ya utalii. Tamasha moja la pamoja la Iteso lingehitaji ridhaa ya ofisi zisizopungua tano, na hakuna hata moja kati yake yenye jukumu la kuziita nyingine.

Hatimaye, tamasha katika eneo la kihistoria hubeba madai. Katika Tororo kumekuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu kugawanywa kwa wilaya, hasa kuhusu mahali itakapoangukia manispaa. Katika mazingira hayo, nani anacheza wapi na kwa mwaliko wa nani si swali la sanaa peke yake. Mshauri wa sera anayependekeza tamasha la Mwamba wa Tororo bila kuanza na mashauriano ya jamii zote zinazoutazama anaweza kuchochea kile alichokusudia kukiponya.

7.0 Nafasi ya Kiswahili

Lugha za matamasha haya ni Kiateso, Dhopadhola, Lusamia, Lumasaba na Lubukusu. Nyimbo na maapizo yake hayatafsiriki bila hasara, na hakuna sababu ya kuyatafsiri jukwaani. Kiswahili kina kazi nyingine. Ndicho lugha ya soko la Busia na Malaba, ya madereva, wachuuzi na maofisa wa pande zote mbili. Kenya inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Uganda ilikiingiza katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kinafaa kwa mashauriano ya waandaaji, maelezo kwa wageni, na kumbukumbu za makubaliano kati ya wazee wa jamii mbalimbali. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, huangukia mwanzoni mwa msimu wa mavuno. Ukanda wa mpaka una nafasi ya kuiadhimisha kama siku ya kutangaza kalenda ya matamasha, badala ya siku ya hotuba.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba katika ukanda wa Busia na Tororo msimu ndio uliofanya maeneo yawe ya kihistoria, na kwamba kuyatenga matamasha na msimu wake kunayapunguza maeneo hayo kuwa mandhari. Yanapendekezwa mambo manne.

Kwanza, wazee na taasisi za kitamaduni wapange tarehe, na serikali zitenge kipindi cha msimu, kwa mfano kati ya Julai na Septemba, pasipo kulazimisha siku moja. Ili fedha ziwepo, mikataba ya huduma isainiwe katika robo ya mwisho ya mwaka wa fedha. Kwa upande wa Kenya, kaunti inaweza pia kutumia Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kuanzisha mfuko maalumu uliowekewa masharti ya kudumisha salio lake baada ya 30 Juni.

Pili, vituo vya Busia na Malaba viwe na fomu moja ya ukurasa mmoja ya kuorodhesha ala na mavazi yanayovuka na kurudi. Mashirika ya wanyamapori ya nchi zote mbili yakague mavazi ya kurithi mara moja na kuyapa alama ya kudumu, kwa sharti kwamba mavazi mapya yatumie ngozi za mifugo.

Tatu, nchi hizi mbili ziwasilishe ombi la pamoja chini ya Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009. Bigwala ya Busoga iliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2012, na isukuti ya Isukha na Idakho mwaka 2014, kila moja kwa jina la nchi moja. Imbalu na miviga ya mavuno ya Iteso haziwezi kuelezwa kwa ukamilifu na nchi moja.

Nne, mipango ya utamaduni ijumuishe kilimo. Katika Busoga, mradi wa kuifufua bigwala ulilazimika kuanza na kupanda mimea ya vibuyu ya kutengenezea baragumu, kwa kuwa bila mbegu hakuna ala. Vivyo hivyo, mashamba ya wimbi yakiendelea kuachiwa mazao mengine, chungu cha ajono kitajazwa kwa nafaka ya kununuliwa kutoka mbali, na mwezi wa mavuno hautakuwa na cha kusherehekea. Idara za kilimo za Busia na Tororo zinapaswa kuwa na kiti katika kamati za matamasha, sambamba na idara za utamaduni na utalii.